Kabla ya kuziba mshipa, pimeni kumbukumbu

"Daktari, nikifanyiwa hiyo operesheni, akili zangu zitabaki?" Kliniki hapa Kisumu naulizwa hivyo mara nyingi kuliko naulizwa habari za kufa. Anayeuliza amekutwa na aneurizimu ya ubongo: ukuta wa mshipa wa damu umedhoofika, ukatuna kama puto, lakini haujapasuka. Wengi hugundua kwa bahati, wakipigwa skani baada ya ajali ya bodaboda au kwa kizunguzungu. Watu wazima kama 3 kati ya 100 wanayo, na wengi wao huzeeka nayo bila habari.

Mimi sipasui mtu. Napima kumbukumbu, umakini na wepesi wa kufikiri. Ndiyo maana nawasumbua wapasuaji: nileteeni mgonjwa kabla hajaingia thieta.

Kuna njia mbili kuu za kuuziba uvimbe huo. Ya kwanza, fuvu hufunguliwa na shingo ya uvimbe ikabanwa kwa klipu ya chuma, kazi aliyoianzisha Walter Dandy mwaka 1937. Ya pili, katheta hupitishwa kinenani au mkononi hadi kichwani, uvimbe ukajazwa koili za platinamu. Klipu humlazimu daktari kuusogeza ubongo, na vijishipa vya jirani vinaweza kubanwa. Koili nazo zinaweza kuachilia vibonge vidogo vya damu, vikaonekana kwenye skani ya MRI kama vidoa huku mwenyewe hahisi lolote. Mahali pa kuogopwa zaidi ni kile kishipa cha mbele kinachounganisha pande mbili za ubongo. Vijishipa vyake vikiumia, mtu husahau, kisha hujaza mapengo kwa visa ambavyo yeye mwenyewe anaviamini.

Hata hivyo, kwa aneurizimu ambayo haijapasuka, wengi hurudi walikokuwa baada ya miezi kadhaa. Wiki ya kwanza simhukumu mtu: nusukaputi, dawa za maumivu na usiku wa wodini vinatosha kumchanganya yeyote.

Tatizo ni pale watoto wanaponiambia, "Mama anasahau tangu apasuliwe." Huenda ni kweli. Lakini presha ya miaka mingi huharibu vijishipa vya ubongo polepole, na hofu ya kuishi na huo uvimbe humnyima mtu usingizi na umakini. Bila kipimo cha awali, tunabaki kukisia.

Kipimo chenyewe kina mitego. MoCA, kipimo kifupi cha kumbukumbu na kufikiri kilichochapishwa mwaka 2005, kina alama 30, na aliyesoma miaka 12 au chini huongezewa alama moja tu. Moja! Kwa mama wa soko la Kibuye aliyeachia darasa la nne, haitoshi. Humo mna picha ya ngamia, ambaye huku kwa ziwa wengi hawajamwona. Lakini mwambie atoe saba kwenye mia, aendelee kutoa: akihesabu kwa shilingi, tena kwa Kijaluo, anakwenda mbio. Basi nampima kwa lugha anayohesabia chenji, na akirudi natumia toleo jingine, asije akakumbuka maneno ya mara ya kwanza.

Tena namwomba aje na mtu anayeishi naye. Kukasirika upesi, au kuacha kufuatilia michango ya chama aliyokuwa akiijua kwa kichwa, hakuonekani kwenye alama 30.