Vipele vya dawa si uchafu unaotoka

"Dawa ikikutoa vipele ujue inafanya kazi, inasukuma uchafu nje." Kauli hii naisikia mno kwenye dirisha la dawa hapa Kigoma, na inaniumiza kuliko zote, maana ndiyo inayomfanya mtu aliye hatarini aimalize dozi kwa bidii.

Hakuna uchafu unaotoka. Vipele vya mzio ni kinga ya mwili kuishambulia dawa, na ngozi yako ndiyo inayoumia. Kwa dawa za salfa kama Septrini, kwa nevirapini ya VVU, au kabamazepini ya kifafa, balaa kubwa huanza mara nyingi kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu uanze dawa. Homa hutangulia, macho yanakuwa mekundu, halafu vidonda mdomoni na sehemu za siri, malengelenge, na ngozi kubanduka kama ya mtu aliyeungua moto. Huo ni ugonjwa wa Stevens-Johnson. Unaua, na aliyepona anaweza kubaki na makovu machoni. Ukiona dalili hizo, usiongeze hata kidonge kimoja. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje gulio lipite.

Najua dhana hii ina mzizi. Wanaomeza dawa ya kichocho huku kando ya Ziwa Tanganyika huumwa tumbo na kutapika, na mara nyingi ni kwa sababu minyoo wanakufa ndani. Kwa minyoo ni kweli. Usiipeleke kwenye Septrini.

"Mbona nilishaimeza zamani, haikunifanya kitu?" Mara nyingi mwili huijua dawa kwanza, ndipo uikatae baadaye. Usalama wa mwaka jana haukulindi leo.

"Meza piritoni, kunywa maziwa, endelea." Maziwa hayaitoi dawa iliyokwisha kuingia kwenye damu. Piritoni hutuliza muwasho tu. Ulimi ukivimba au pumzi ikikata, unahitaji sindano ya adrenalini ya paja, na upesi.

"Nina aleji ya penisilini, ilinitapisha." Kutapika peke yake si mzio. Wengi wanaoaminika kuwa na mzio wa penisilini wakipimwa hukutwa hawana, na wakati huo wamejinyima dawa nzuri.

"Dawa ya TB inakojoza damu." Ni rangi ya rifampisini, moja ya dawa za TB, endelea nayo. Macho yakiwa ya njano, hapo njoo leo. Na kwa muwasho wa kawaida, ARV au dawa ya TB usiiache kimya kimya nyumbani. Njoo tuangalie cha kubadilisha.

Ombi langu la kila siku ni jina la dawa. "Vidonge vyeupe" havinisaidii. Mama mjamzito aliyebabuka kwa Septrini anafika kliniki, anapewa SP ya kukinga malaria, wala hajui kuwa zote mbili ni za salfa, sawa na Metakelfin, dawa ya malaria ya enzi zile. Kwa hiyo andika kwa wino mwekundu juu ya kadi: dawa gani, lini, ilikufanya nini. Njoo na pakiti yake, hata kama imebaki tupu. Kisha mwombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa kwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na usiondoke kabla hajaijaza.