Tumbawe likianza kuchunika tangini

Mara nyingi mfugaji wa matumbawe kwenye tangi la maji ya chumvi huligundua tatizo hili asubuhi. Jana jioni Acropora, tumbawe gumu la matawi, ilikuwa na rangi yake na polipu, yaani vinywa vyake vidogo vyenye minyiri, zimetoka. Leo taa zinawaka, shina ni jeupe, na vipande vya nyama vinapeperuka kwenye mkondo wa pampu kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Likiachwa hivyo, tumbawe zima linaweza kubaki chokaa tupu ndani ya siku moja au mbili. Jamaa zake wenye matawi membamba, Seriatopora, Stylophora na Pocillopora, nao hupatwa sana.

Kabla hujatia mkono majini, hakikisha unachokiona ni nini, maana si kila tumbawe jeupe limepoteza nyama. Katika kupauka, kama kule kulikoikumba miamba ya Afrika Mashariki mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, tumbawe hufukuza vijimwani vinavyoishi ndani ya nyama yake. Nyama inabaki, ila haina rangi, na chokaa huonekana kwa chini. Tumbawe hilo li hai bado, na joto likishuka mapema linaweza kupona. Tumbawe linalochunika limepoteza nyama yenyewe, na hapo palipo wazi hakuna cha kupona.

Kuvitofautisha si kazi ngumu. Chukua bomba dogo la kuvutia maji, lisogeze kwenye mpaka wa weupe na rangi, kisha sukuma maji taratibu. Nyama hai hujikunyata na polipu hurudi ndani, ilhali nyama mfu hung'oka na kuelea. Tazama na chokaa pia. Kikiwa cheupe pe, kimeachwa wazi muda si mrefu. Kikishapata ukijani, mwani umewahi kuota na tatizo ni la siku kadhaa.

Ukiona mpaka unasogea saa kwa saa, kata. Wapo wanaoshauri kusubiri na kupima maji kwanza, nami sikubaliani nao: vipimo vinaweza kungoja nusu saa, nyama haingoji. Litoe tumbawe, liweke kwenye beseni lenye maji ya tangi hilohilo, kisha kwa koleo kali kata matawi yaliyo mazima. Usikate mpakani. Ingia sentimita moja au mbili ndani ya sehemu yenye afya, kwa sababu nyama iliyo jirani na weupe huwa imeshaharibika hata kama rangi yake bado inapendeza. Vichovye vipande kwenye maji ya tangi yaliyotiwa dawa ya iodini ya matumbawe, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa, visuuze, kisha uvigandishe kwa supaglu nzito kwenye vijiwe vipya. Viweke penye mwanga wa wastani na mkondo mzuri, na kama una tangi la pili, ni bora zaidi. Shina lililobaki usilirudishe kwa kulionea huruma.

Sasa pima. Anza na alkali, yaani uwezo wa maji kuhimili tindikali, kwa kuwa huko ndiko kwenye visa vingi. Matangi mengi huenda vizuri kati ya digrii 7 na 9 za kipimo cha Kijerumani, lakini kinachoua zaidi ni kuyumba. Mtu amesahau dozi ya kuongeza alkali wiki nzima, kisha anaimimina yote kwa mkupuo. Kama imeshuka, ipandishe kwa kiasi kisichozidi digrii moja kwa siku. Angalia joto, 24 hadi 27, na ukague kama hita haijanasa ikabaki inawaka. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kilo ya maji, na kipimachumvi chenyewe kihakikiwe kwa maji ya kulinganishia, maana nacho hudanganya. Naitreti na fosfeti, ambavyo ni virutubisho vya majini, zikiwa sifuri kabisa huku alkali iko juu, ncha za Acropora huungua.

Vipimo vikikaa sawa, tafuta mlaji au jirani mkorofi. Minyoo bapa wanaokula Acropora huacha alama ndogo za mviringo na kutaga mayai ya kahawia kwenye chokaa tupu karibu na kitako, na dawa za kuchovya haziyaui mayai hayo, kwa hiyo utalazimika kuyakwangua. Usiku, washa tochi uone kama matumbawe jirani ya aina ya Galaxea au Euphyllia hayanyooshi minyiri mirefu kumchoma mwenzao.

Kwa Euphyllia sura ya ugonjwa ni nyingine: utelezi wa kahawia wenye harufu mbaya unaofunika kichwa kimoja na kurukia cha pili. Ukiutazama kwa hadubini utakuta umejaa viumbe vya seli moja wanaokula nyama. Zima pampu kwanza, ndipo uufyonze utelezi kwa mpira mwembamba na kuutoa nje ya tangi. Ukiupuliza huku pampu zinazunguka, umewapelekea matumbawe mengine.

Swali la antibayotiki huja kila mara. Bakteria wa jamii ya Vibrio wamehusishwa na baadhi ya visa, kwa hiyo wazo hilo si la kipuuzi. Huko Florida, ugonjwa wa kupoteza nyama ulioonekana mwaka 2014 karibu na Miami umeshambulia zaidi ya aina 20 za matumbawe magumu na kuenea Karibi. Wapiga mbizi walitumia amoksisilini iliyochanganywa kwenye malai mazito, wakiipaka juu ya mpaka wa kidonda tu, na matumbawe yaliyokuwa bado mazima yalihamishiwa kwenye matangi ya taasisi mbalimbali za Marekani ili kuokoa mbegu. Dawa ile iliwekwa mahali padogo, chini ya usimamizi. Kumimina vidonge vya duka la dawa ndani ya tangi zima ni jambo jingine: unahatarisha bakteria wanaokusafishia maji na kuwafundisha waliobaki kuizoea dawa. Badala yake badilisha sehemu ya maji, weka mkaa mpya wa kuchujia, kisha uache tangi litulie. Tangi lililobadilishwa taa, chumvi na dozi kwa siku moja huzidi kuchunika.

Maji uliyochovyea vipande yatie klorini kabla ya kuyamwaga kwenye sinki. Kwa mnaokaa Mombasa, Dar es Salaam, Unguja au Muscat, maji hayo na vipande vya tumbawe visifike baharini hata kidogo, kwa kuwa viumbe vya tangini huweza kubeba magonjwa ambayo mwamba wenu haujawahi kuyaona. Wala usiende kuchukua tumbawe la mwambani kufidia lililokufa. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali.

Vaa glavu na miwani unapokata. Mawe yenye zoanthidi, jamaa laini wa matumbawe, hasa Palythoa, usiyachemshe wala kuyasugua yakiwa makavu, kwani baadhi yao wana palitoksini, sumu kali sana, na mvuke wake umewahi kupeleka familia nzima hospitalini. Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, homa au kifua kubana baada ya kuyasafisha, toka ndani, wahi hospitali, na mwambie daktari waziwazi ulikuwa unashika matumbawe.