Jua linawaka, mtaalamu

Wiki iliyopita shemeji yangu anayeishi Seattle alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Yeye na mumewe wanakwenda Kauai, mojawapo ya visiwa vya Hawaii, na wametenga siku moja ya kupanda hadi maporomoko ya Hanakapiai, yaliyojificha ndani kabisa ya bonde la msitu. Nilimjibu kwa swali moja tu: huko juu mlimani kutakuwaje? Akacheka. "Shem, utabiri unaonyesha jua Jumamosi nzima. Wewe na mito yako!"

Kazi yangu ni kupima mito. Sentensi hiyo ya jua nimeisikia Uluguru, nimeisikia Materuni, nimeisikia kwa wanafunzi wangu mwenyewe wakiwa wamesimama katikati ya kijito na suruali zimekunjwa. "Jua linawaka, mtaalamu." Nimechoka kuijibu mdomoni, kwa hiyo leo naandika mara moja, na kuanzia sasa nitakuwa natuma kiungo.

Jua linawaka wapi? Hilo ndilo swali.

Aliyekulia kwenye nyumba ya bati anajua hesabu hii kabla hajaingia darasani. Mvua ikinyesha, unakinga ndoo chini ya mchirizi. Ndoo inajaa upesi kwa sababu maji yanayoingia ni ya bati zima, si ya matone yanayoangukia mdomo wa ndoo. Sasa funika ndoo yenyewe kwa mwavuli ukipenda, mchirizi hautajali. Maporomoko ni mchirizi. Bati ni dakio, yaani eneo lote la juu linalokusanya mvua na kuileta kwenye mkondo mmoja. Na wewe unayepiga picha kwenye lile bwawa la kijani umekaa ndani ya ndoo. Anga iliyo juu ya kichwa chako ni mdomo wa ndoo tu.

Bati la Kauai si la mchezo. Kisiwa ni mlima wa volkano wa miaka milioni 5 hivi, uliochongwa na maji hadi ukabaki makorongo. Upepo huvuma karibu mwaka mzima kutoka kaskazini mashariki ukiwa umebeba unyevu wa bahari, unagonga mlima, unapanda, unapoa, na mvua inamwagika hukohuko juu. Kilele cha Waialeale, chenye mita 1,569, hupata kwa wastani zaidi ya milimita 9,500 kwa mwaka, zaidi ya mara nane ya Dar es Salaam. Kijito cha Hanakapiai hakitoki pale kileleni, nisije nikasahihishwa, lakini kinachota kwenye kingo za nyanda hizohizo za mawingu. Huku chini ufukweni, kilomita chache tu, watu wamejipaka mafuta ya jua. Wenyeji wa Morogoro hili hawahitaji kuelezwa: mjini vumbi, na nyuma ya mlima, upande unaotazama bahari, migomba inaoza kwa mvua.

Na utabiri wa simu? Ule ni wa mji au wa ufukwe, si wa korongo. Aprili 2018, pale Waipa, kwenye pwani ya kaskazini ya Kauai iliko Hanakapiai, zilipimwa milimita 1,262 kwa saa 24, na hiyo ndiyo rekodi ya Marekani nzima. Mvua ya Dar ya mwaka mzima, kwa siku moja. Barabara iliharibika kiasi kwamba hifadhi inakoanzia njia ya Hanakapiai ilifungwa hadi Juni 2019. Ilipofunguliwa ikaja na kikomo cha wageni 900 kwa siku, na asiye mkazi wa Hawaii lazima awe na nafasi aliyoweka mapema. (Shem, umeweka? Zinaisha.)

Kuna jambo ambalo hata wanaolikubali bati hawalioni. Watu huniuliza kwa nini Unguja hakuna maporomoko ilhali mvua ipo. Kwa sababu Unguja kwa sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, na jiwe hilo linanywa: mvua inazama, inapita mapangoni, inatokea kwenye visima na chemchemi. Ngazidja, kule Komoro, nayo ina mlima mkubwa na mvua tele, lakini lava ya volkano yake, Karthala, ni changa na ina matundu kama sponji, kwa hiyo hakuna hata mto mmoja wa kudumu. Nenda jirani tu, Nzwani, kisiwa kikongwe zaidi, vijito vipo. Maana yake ni kwamba ili kisiwa kiwe na maporomoko, ardhi yake lazima iwe imekataa kumeza maji. Kauai imekataa. Mteremko mkali, udongo ulioshiba, mwamba usiopenyeka kirahisi. Kile kinachokupa picha nzuri ndicho kinacholeta mafuriko ya ghafla. Huwezi kuagiza kimoja bila kingine.

Yanakuja baada ya muda gani? Hapa ndipo ninapoona aibu kidogo. Kanuni tunayofundisha, na mimi naifundisha kila mwaka, ni ya Kirpich ya mwaka 1940. Chukua kijito cha urefu wa kilomita 5 kinachoshuka mita 1,200: kanuni inakupa kama dakika 24 toka mvua inyeshe mbali kabisa hadi maji yakufikie. Inapendeza ubaoni. Lakini kanuni hiyo ilitokana na mabonde madogo ya mashamba kule Tennessee, na mimi naitwika korongo la msitu lenye mawe makubwa kama daladala, magogo na kona. Huenda ni dakika 15, huenda ni 50. Gogo likiziba njia kisha likaachia, hesabu yote inavunjika na maji yanashuka kama ukuta. Vitabu huandika jibu hadi desimali mbili. Mimi nikiulizwa porini nasema "muda wa kula muwa mmoja", na siamini kwamba nimekosea zaidi ya kitabu.

Mashaka yangu ya pili ni kuhusu zile "dalili". Kila mwongozo unazitaja: maji yakibadilika rangi, majani na vijiti vikianza kuelea, ukisikia mngurumo, toka. Sawa, toka. Lakini umesimama chini ya maji yanayoanguka kutoka mita 90. Mngurumo gani utausikia juu ya ule uliopo? Hata mwenzako ukimwita kwa jina hasikii. Na rangi mara nyingine hubadilika kabla, mara nyingine hubadilika pamoja na kina kupanda, na hapo dalili na tukio vimekuwa kitu kimoja. Hell's Gate, karibu na Naivasha, korongo liliua watu mwaka 2012 na likaua tena 2019, maji yakitoka kwenye mvua ya juu. Si wote walikuwa wazembe. Wengi waliangalia anga, kama shemeji yangu.

Kwa hiyo dalili naziheshimu, lakini nazipa nafasi ya pili. Ya kwanza ni kutazama bati kabla ya kuingia: mlima umefunikwa? Umefunikwa tangu jana? Basi ishieni ufukweni, kuleni embe.

Mawe nayapitia haraka kwa kuwa hayana mjadala: usioge chini kabisa ya maporomoko. Maji yaliyochonga ule ukuta bado yanauchonga. Tarehe 9 Mei 1999, huko Sacred Falls katika kisiwa cha Oahu, miamba iliporomoka juu ya watu waliokuwa wakifurahia Jumapili yao, wakafa 8. Njia ile imefungwa hadi leo, na kuna watu bado huchungulia namna ya kupenya kwa ajili ya picha. Siwaelewi.

Lakini hili la "maji yanayotembea hayana uchafu" siwezi kulipitia haraka, samahani. Nani aliwaambia? Maji yanayotembea yametembea kutoka mahali fulani. Juu ya yale maporomoko kuna nguruwe pori na panya, na mkojo wao umo. Mnakumbuka Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu walipoanza kutokwa damu puani na nchi nzima ikashika roho? Wagonjwa 20, vifo 3, na Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Vimelea vya homa hiyohiyo ndivyo vinavyoonywa kwenye vijito vya Hawaii. Vinaingia kwenye mchubuko, machoni, puani, mdomoni. Na hakuna anayefika Hanakapiai bila mchubuko. Ubaya wake ni kwamba homa inaweza kuanza siku mbili baadaye au mwezi mzima baadaye, umesharudi nyumbani, na sisi kwa desturi yetu tutasema ni malaria. Mimi si daktari, ila naomba sana: ukipata homa, mwambie daktari kwamba ulioga kijitoni. Asipoambiwa hawezi kuota.

Nilifika Hanakapiai miaka kadhaa iliyopita, baada ya warsha Honolulu. Njia ni kilomita 6 na ushee kwenda: nusu ya kwanza ukingoni mwa bahari hadi ufuo wa Hanakapiai, nusu ya pili kupanda bonde, kuvuka kijito, kuvuka tena. Mianzi, halafu kuta za mawe zilizoota kuvu, ambazo wenyeji wa zamani walizijenga kwa ajili ya mashamba ya magimbi. Kisha mapera, mapera, mapera, yaliyoanguka na kuoza njiani hadi viatu vinanuka kama pombe. Nilijisikia nyumbani kabisa.

Penye kivuko cha chini, asubuhi, maji yalikuwa chini ya kifundo cha mguu. Kwa mazoea ya kazi nilichomeka kijiti ukingoni, palepale maji yalipoishia, nikafunga jani juu yake. Niliporudi saa nane mchana jua lilikuwa kali na kijiti sikukiona. Nilidhani nimekosea mahali. Nikachomeka kingine, nikaketi, nikala mapera mawili, na kabla sijamaliza la pili maji yalikuwa yamekipanda kijiti upana wa kiganja. Yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kijana mmoja na mchumba wake walisimama kando yangu. Akaniuliza kama navuka. Nikamwambia napumzika. Akanyoosha kidole juu, kwenye anga ya buluu isiyo na wingu, kama mtu anayenionyesha risiti.

Hesabu yake niliifanya kichwani. Maji ya magotini yakienda mita 2 kwa sekunde yanakusukuma kwa nguvu ya kama kilo 35. Yakienda mita 4, si mara mbili, ni mara nne. Februari 2013, kwenye kijito hichohicho, mwanamke mmoja alijaribu kuvuka, akasombwa. Aprili 2014, watu 121 walikwama ng'ambo na ilibidi waokolewe. Waliosubiri walipata njaa na baridi, basi. Kijito kinachopanda haraka hushuka haraka pia, na hiyo ndiyo huruma yake pekee.

Tulisubiri, wale wawili na mimi, kwa muda wa karibu saa tatu.

Ningependa kuandika kwamba taaluma ndiyo iliyoniketisha. Ukweli ni kwamba nilishavua viatu na kuvifunga shingoni. Nilijua yote niliyoyaandika hapa, na bado mguu ulikuwa unajaribu jiwe la kwanza, kwa sababu ng'ambo palikuwa karibu na jua lilikuwa linawaka. Kilichonirudisha ni begi. Ndani yake kulikuwa na kamera niliyoiazima kwa mfanyakazi mwenzangu, mtu asiyesahau deni, na nikaona nitaanzia wapi kumweleza.

Kamera nilimrudishia kavu.