Deki Si Duka la Rejareja

Jumamosi iliyopita, Kabalagala hapa Kampala, kijana mmoja kanimwagia kadi zake za Magic mezani kutoka kwenye kavera (mfuko wa plastiki) nyeusi. "Mwalimu, hebu nitazamie. Kila wiki nafungwa na kadi zangu zote kali." Nikahesabu. Kadi 73. Ardhi, yaani kadi za kulipia nyingine, 20. Zile 53 zilizobaki, hakuna hata moja iliyojirudia. Joka moja, malaika mmoja, Lightning Bolt moja, moja ya kufagia meza, moja ya kurudisha maiti, moja ya kuvunja silaha. Nikamuuliza mantiki yake. "Ili niwe na jibu kwa kila kitu."

Huyo ni wa nne tangu Krismasi. Nimechoka kueleza kwa mdomo huku chipsi zangu zinapoa. Naandika mara moja. Atakayekuja tena na kavera nitamtumia linki.

Deki ninayosema hapa ni fungu la kadi, si ile ya kupiga sakafuni kwa dekio. Na mchezo ni Magic, ambao kila mchezaji hujitengenezea fungu lake na kuja nalo mezani, kwa kuwa ndio ninaoujua hadi mifupa. Wa Yu-Gi-Oh! na Pokémon, michezo ya kadi ya aina hiyohiyo, nitawagusa njiani, mengine mjitafsirie.

Jibu ambalo haliko mkononi si jibu. Katika deki ya kadi 60, kadi uliyoweka nakala moja itakuwemo kwenye mkono wako wa kwanza wa kadi 7 mara 12 hivi katika michezo 100. Nakala mbili, mara 22. Tatu, kama 32. Nne, 40. Kwa kijana wetu mwenye 73, ile moja haifiki hata mara 10. "Lakini nitaivuta baadaye," akasema. Haya, tuseme umeanza wa pili na umefika zamu ya nne: umeona kadi 11. Kati ya 73. Hiyo ni mara 15 katika 100, na kufikia hapo mwenye deki ya agro, ya kushambulia haraka, ameshakuacha na uhai wa saba anakuchekea. Kwa hiyo ukisema "deki yangu ina joka", kwa hesabu joka hilo liko nyumbani limelala.

Nadhani najua ugonjwa huu unatoka wapi. Wengi wetu tulilelewa na matatu (nyie wa Nairobi, kwetu matatu ni karata, gari tunaita taksi). Kwenye matatu fungu ni moja, la wote, na hukulitengeneza wewe. Unagawiwa saba zako, ukikosa ile saba ya kukatia, basi, unalaumu mkono wa aliyechanga. Mtu anayekuja Magic na akili hiyo huona fungu ni kama mvua, linanyesha linavyotaka. Banange, hili umelijaza wewe mwenyewe! Kadi kwa kadi!

Na anayedhani kurudia kadi ni uvivu au ukosefu wa ubunifu, arudi kwenye historia. Magic ya Richard Garfield ilipotoka mwaka 1993, deki ilihitaji kadi 40 tu na hapakuwa na kikomo cha nakala. Unadhani waliotaka kushinda walifanya nini? Walirundika kadi ileile, rundo kwa rundo, mpaka kanuni za mashindano zikaweka 60 kuwa kima cha chini na nakala 4 kuwa mwisho, ukiacha ardhi za kawaida. Yu-Gi-Oh! ni nakala 3, deki ya 40 hadi 60. Pokémon ni 60 kamili, nakala 4. Michezo mitatu, kampuni tofauti, na yote imelazimika kuwafunga watu breki kwenye jambo lilelile. Hakuna aliyewahi kutunga kanuni ya kuzuia watu kuweka moja moja. Haina haja.

Ardhi nitapita haraka. Ukiwa na ardhi 24 kati ya 60, mkono wa ardhi sifuri au moja unakupata mara 14 katika 100. Ukiwa na 20 kati ya 60, mara 25. Ukiwa na 20 kati ya 73, kama ndugu yetu, mara 38. Karibu michezo minne katika kumi ameshaumia kabla hajacheza kadi. Halafu ananiambia ana bahati mbaya!

Akaniambia pia ana dawa yake: kabla ya mchezo anapanga ardhi moja, kadi mbili za kazi (zisizo ardhi), ardhi moja, kadi mbili za kazi, kisha anachanga "kidogo". Hapa ndipo damu hunichemka. Ukichanga vizuri baada ya kupanga, mpangilio wako umefutika, umepoteza dakika tatu za watu. Usipochanga vizuri na mpangilio ukabaki, umeiba. Hakuna mlango wa tatu. Wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba karata 52 zinahitaji kuchangwa kama mara saba kwa ule mtindo wa kuingiza nusu ndani ya nusu ndipo zichanganyike sawasawa. Zako ni 60, usipungue hapo. Na kugawa mafungu saba mezani si kuchanga, ni kuhesabu tu.

Sasa, kosa la upande wa pili, ambalo linaniudhi zaidi kwa sababu hufanywa na watu waliokwisha kunisikiliza. Anarudi wiki inayofuata na nakala nne za kila kitu. Nne za joka la mana saba (mana ndiyo malipo, na ardhi ndiyo inayoitoa). Anakaa na majoka matatu mkononi na ardhi mbili mezani, ananitazama mimi.

Usihesabu majina, hesabu kazi. Swali si "nina Lightning Bolt ngapi", ni "nina kadi ngapi zinazoua kiumbe mdogo zamu ya kwanza au ya pili". Bolt nne pamoja na nne nyingine za kazi hiyohiyo ni kadi nane kwa macho ya deki, na sasa mkono wako wa kwanza una walau moja mara 65 katika 100. Ukifanya hivyo, deki inakuwa na tabia. Unajua zamu ya pili utafanya nini hata kabla hujakaa kwenye kiti. Wanaotoka Commander, mtindo mwingine wa kucheza Magic, hunijia na hoja kwamba kule kadi ni 100 na nakala ni moja moja, mbona deki zinafanya kazi? Zinafanya kazi kwa sababu aliyeziunda ameweka kadi kumi na kitu za kuongeza mana na kumi na kitu za kuvuta kadi, zenye majina tofauti. Mazoea ya moja moja mmeyaiga, hesabu mmeiacha kule.

Nakala chini ya nne zina mahali pake, sikatai. Kadi ya kifalme, ambayo ya pili yake ikifika huwezi kuziacha zote mbili mezani, huwa naweka mbili au tatu. Kadi ya kumalizia mchezo, ambayo hutaki kuiona kabla ya zamu ya sita, moja au mbili zinatosha. Na ukiwa na kadi za kutafuta, zile zinazokuruhusu kufungua deki na kuchukua unachotaka, hapo moja inaanza kuwa na maana, maana kila kadi ya kutafuta ni nakala yake ya pembeni. Wa Pokémon wana tabu ya ziada: kadi 6 kati ya 60 zinafungiwa kwenye zawadi, yaani zinawekwa kando kifudifudi, kwa hiyo ile moja yako ya thamani, karibu mara 1 katika 10, imefungiwa tangu mwanzo na hata kutafuta hakuisaidii.

Kuhusu bei, nitasema mara moja tu. Joka la kijana lilikuwa linang'aa na lilimgharimu pesa ya mbuzi. Kung'aa hakuongezi nafasi ya kulivuta. Kama unataka kujaribu deki kabla ya kuuza mbuzi, chapisha karatasi Nasser Road, mtaa wetu wa wachapaji, ziweke ndani ya vifuko mbele ya kadi za bei rahisi, cheza na marafiki. Kwenye mashindano rasmi hazikubaliki, na usimuuzie mtu.

Nina mawili ya kukiri. La kwanza ni kadi ya 61. Huwa nawafokea watu kwa ajili yake, lakini kwa hesabu tupu, deki ya 61 inashusha uwezekano wa kuona kadi yako ya nakala nne kutoka 40 hadi 39 katika 100. Moja tu! Huwezi kuihisi mezani. Ninachokifokea hasa ni kwamba mwenye 61 ameshindwa kuamua ipi ni dhaifu, na nikiitazama deki yake naikuta ile dhaifu iko pale pale na mbili zinazofanana nayo. Lakini siwezi kudai kwamba ile moja ndiyo iliyomfunga.

La pili ni baya zaidi. Mimi hubadilisha kadi mbili, nacheza michezo kumi, nikishinda sita nasema deki imeimarika. Sarafu ya shilingi mia tano ukiirusha mara kumi itakupa upande unaoutaka mara sita au zaidi kama mara 38 katika majaribio 100. Yaani sehemu kubwa ya ninayoyaita uzoefu inaweza kuwa sarafu. Kati ya ardhi 24 na 25 kwenye deki yangu ya kontroli, ya kuzuia na kusubiri, nimehamahama miaka mitatu, na kila nikihama nina sababu nzuri sana.

Tulikaa na kijana hadi saa mbili usiku. Tulitoa kadi 20 za kazi, tukaongeza ardhi nne, tukaazima Bolt tatu kwa jirani, tukapatanisha viumbe wa mana mbili ili wafanye kazi moja. Kila kadi niliyoitoa aliigeuza, akaisoma tena kwa sauti, kana kwamba mimi sijui kusoma. Joka aliliingiza mfuko wa shati. Tulipofika 60 nikamkabidhi fungu, nikaenda kulipa chipsi. Niliporudi lilikuwa limenenepa. Mfuko wa shati ulikuwa mtupu.

"Sitini na moja," nikamwambia.

"Mwalimu, umesema mwenyewe huwezi kuihisi."