Cheti kisicho na dawa si cheti kitupu

Mtu anatoka kwa daktari na karatasi iliyoandikwa "tembea dakika 30, siku tano kwa wiki", halafu ananung'unika: nimepoteza nauli, sikupewa hata kidonge. Wengi huamini kwamba kuandikiwa mazoezi ni namna ya kufukuzwa kwa upole.

Nyuzilandi walilipima jambo hili. Tangu 1998 kuna "cheti cha kijani": daktari au muuguzi anakubaliana na mgonjwa afanye nini na kwa muda gani, inaandikwa, kisha nakala inakwenda kwa mtaalamu wa mazoezi, naye humpigia simu kwa miezi kadhaa. Utafiti uliochapishwa 2003 ulifuatilia watu 878 wa miaka 40 hadi 79 waliokuwa hawaushughulishi mwili. Baada ya mwaka, katika kila kumi waliopewa cheti, takribani mmoja zaidi, ukilinganisha na wasiopewa, alikuwa akifikisha saa mbili na nusu za mazoezi kwa wiki. Wachache? Kwa mazungumzo ya dakika chache, mimi naona si haba.

Siri ni kuandika na kufuatilia. "Jitahidi mazoezi, mama," linalosemwa umeshashika kitasa cha mlango, halitoshi.

Wala si lazima jimu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliondoa sharti kwamba mazoezi yahesabike tu yakifika dakika kumi mfululizo. Ngazi, jembe, mwendo wa kwenda sokoni, vyote vinahesabika. Ila vidonge vya presha usiviache kwa sababu umeanza kutembea. Hilo kamuulize aliyekuandikia.