Feni sita na bado inachemka

Januari huku Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ikifika saa nane mchana, chumba chenye bati bila dari hakikaliki. Huo ndio msimu ambao simu yangu haitulii: "Kaka, kompyuta inajizima." Nikienda nakuta mambo ni yaleyale. Kioo cha ubavuni kimetolewa, feni ya mezani imeelekezwa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, na mwenyewe ameshaagiza feni mbili zaidi kutoka Kampala. Basi ngoja niyaandike haya ninayoambiwa kila mara, moja moja na jibu lake, nijipunguzie safari.

"Jua la huku ndilo linaloua kompyuta"

Fanya hesabu kwanza. Chumba kikitoka nyuzi 25 hadi 32, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nayo hupanda kama nyuzi saba hivi. Iliyokuwa 70 inakuwa 77, na hapo hakuna kinachokufa. Prosesa nyingi za Intel kikomo chake ni kama nyuzi 100. Ryzen 7000 za AMD, zilizotoka mwaka 2022, zimetengenezwa hata zikifika 95 kwenye kazi nzito ziendelee kufanya kazi. Zikigusa kikomo hupunguza kasi zenyewe. Mashine inakuwa nzito kabla haijazima.

Mhalifu wetu ni vumbi jekundu la murram. Linajipanga katikati ya mapezi ya kipoza joto, kile chuma kinachokaa juu ya prosesa, hadi yanakuwa kama blanketi, na feni inabaki kupiga ukuta. Kuna jambo jingine ambalo maandishi ya kwenye boksi hayakwambii: Arua na Kampala zote ziko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya Mombasa. Feni inasukuma hewa ileile kwa ujazo, lakini hewa yenyewe inabeba joto pungufu. Si tofauti ya kukukosesha usingizi, ila ukisoma majaribio ya watu wa Ulaya ongeza nyuzi chache kichwani.

"Ukiacha ubavu wazi, inapumua"

Hii ni kweli nusu, ndiyo maana haifi. Fungua ubavu, acha mchezo uende robo saa, usome joto. Likishuka kwa nyuzi kumi, umeshajua ugonjwa: kasha halina pa kuingizia hewa. Lisiposhuka, au likishuka nyuzi mbili tu, tafuta kwingine. Lakini kuishi na ubavu wazi mwaka mzima ni kulikaribisha vumbi sebuleni, na mjusi pia. Mjusi nimemkuta kwa macho yangu, amekauka juu ya pawasaplai, lile boksi la kugawa umeme.

Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniita. Kasha zuri sana, mbele kioo kitupu, feni sita za taa za rangi, na kadi ya picha, ile inayochora michezo kwenye skrini, inasoma nyuzi 86. Mama yake alikuwa ndio kwanza amemaliza kufukiza ubani, nami nikaomba chetezo. Nikakiweka mbele ya kasha: moshi ukapanda wima kama vile mashine haipo. Nikakisogeza nyuma, chini ya feni ya kutolea hewa, pale kwenye vibati vya matundu karibu na kadi. Moshi ukapinda, ukanywewa ndani ya matundu, kisha ukatoka palepale juu yake kwenye feni ya nyuma. Hewa ilikuwa inaingia kwa mlango wa nyuma na kutokea dirisha la jirani, kadi haijaonja kitu. Zote sita zilikuwa zinatoa nje.

Mama akainama kutazama. "Sasa mwanangu, zote hizo zinafukuza nini?"

Tukazigeuza tatu za mbele ziingize. Kuijua feni inakopuliza ni rahisi: upande wenye miguu inayoshika mota ndiko hewa inakotokea. Kioo cha mbele tukakiondoa, tukampelekea fundi wa kuchomelea madirisha atukatie bati la matundu madogo. Aliye Kampala aende Katwe, hiyo kwao ni kazi ya dakika chache. Kadi ikashuka hadi 73, na feni mbili zikabaki hazina kazi, tukazichomoa. Ukijaribu ubani, iwe sekunde chache tu, maana moshi wake una mafuta na vumbi hunasa juu yake.

"Feni zikizidi, ubaridi unazidi"

Chukua mashine inayotoa joto la wati 300. Ukipitisha lita 20 za hewa kwa sekunde, hewa itatoka ikiwa na joto zaidi ya ile iliyoingia kwa nyuzi kama 14. Pitisha lita 40, inakuwa kama saba. Pitisha 60, inakuwa kama tano. Umeona? Nyongeza ya kwanza ilikupa nyuzi saba, ya pili mbili tu, na kelele juu yake. Feni mbili au tatu za milimita 120 zinazoingiza mbele na moja inayotoa nyuma zinawatosha watu wengi. Zinazoingiza zikizidi kidogo zinazotoa, hewa hujisukuma nje kupitia mianya, na vumbi likalazimika kupita kwenye chujio ulilolitegea. Soksi ndefu ya nailoni ni chujio zuri la bei ya chai, ila ioshwe kila wiki mbili wakati wa kiangazi, vinginevyo itaziba njia yenyewe.

Wanaosema joto hupanda juu kwa hiyo feni zote zikae juu, wamesahau kwamba feni moja dhaifu inashinda mpando huo bila jasho.

"Umeme ukikatika ghafla, prosesa inaungua kwa kuwa feni imesimama"

Feni imesimama, na prosesa nayo imeacha kuzalisha joto sekunde ileile. Joto lililobaki linaishia kwenye chuma cha kipoza joto. Mimi naogopa umeme unaporudi, maana mara nyingi haurudi kwa adabu. Tena, mashine inayojizima bila kupunguza kasi kwanza, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni pawasaplai ya bei rahisi au umeme unaoyumba.

"Pesti nyingi hupoza zaidi"

Pesti ni ile dawa nzito inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kila nyuzi, shaba hupitisha joto karibu 400, pesti za kawaida hazifiki 15, na hewa haifiki hata 0.03. Kwa hiyo pesti ipo kuziba vinyweleo ambavyo vingekaa hewa, basi. Kiasi cha njegere moja, chuma kikandamize chenyewe. Ukijaza, umeweka godoro kati ya vyuma viwili. Dawa ya meno badala ya pesti inafanya kazi siku chache, ikikauka inageuka chokaa.

Na kabla ya kulaumu pesti, hakikisha umebandua ile nailoni iliyo chini ya kipoza joto kipya. Mashine yangu ya kwanza ilikaa nayo miezi miwili.

"Kipoza joto cha maji ni kama friji"

Maji yanabeba joto hadi kwenye rejeta, kama ile ya gari, na pale feni inalitupa chumbani. Hayawezi kushuka chini ya joto la chumba. Na kwa anayeishi kwenye muzigo wa chumba kimoja: wati 300 ni wati 300, uzipoze kwa maji au kwa hewa, zitaishia kwako kitandani. Fungua dirisha, sogeza kasha sentimita 15 kutoka ukutani, usiliweke juu ya zulia.

Kuhusu kusafisha, nasikia watu wanapeleka mashine kwa mzibaji wa matairi apige upepo. Kompresa ile hutema maji pamoja na upepo, na feni ikizungushwa kwa nguvu hiyo beringi zake zinakwisha. Burashi laini ya rangi, kidole kimoja kikizuia feni isizunguke, mlango wazi, asubuhi kabla ya jua. Na ujifunge kitambaa puani.