Bambo na gunia: kwa nini kuhoji watu 1,000 kunatosha

Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima chini ili ajue kilichomo. Anachoma bambo, anatazama punje zilizotoka, anataja bei. Kazi yetu watakwimu ni hiyo hiyo, na swali tunaloulizwa kila mara ni la haki kabisa: mmehoji watu elfu moja tu, mnaisemeaje nchi ya mamilioni?

Jibu lilianzia Basel, Uswisi, kwa mwanahisabati Jacob Bernoulli. Katika kitabu chake Ars Conjectandi, kilichochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake, kuna mfano wa mtungi wenye vijiwe 3,000 vyeupe na 2,000 vyeusi. Unachota kimoja bila kuangalia, unaandika rangi, unakirudisha, unachota tena. Bernoulli alithibitisha kwamba kadiri unavyoendelea kuchota, ndivyo sehemu ya vyeupe inavyoelekea kutulia karibu na tatu ya tano. Kisha akauliza lililo gumu zaidi: nichote mara ngapi? Ili kosa lisizidi 2 kwa 100, kwa uhakika wa 1,000 kwa 1, alipata mara 25,550. Mwaka 1733 mwanahisabati Abraham de Moivre akagundua mkunjo wenye umbo la kengele, unaoonyesha jinsi matokeo ya kuchota yanavyotawanyika, na kwa mkunjo huo zinatosha kama 6,500. Mtungi ni ule ule. Hesabu ndiyo iliyonolewa.

Kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Watu 1,000 hutupa kosa la karibu asilimia 3, juu au chini, mara 95 kati ya 100. Ukitaka kulipunguza kwa nusu, 2,000 hawatoshi, unahitaji 4,000. Ukubwa wa nchi karibu hauhusiki.

Lakini yote haya yanasimama juu ya kuchota kwa nasibu, yaani bahati ndiyo iamue nani ahojiwe. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Alf Landon, mgombea wa Republican, angemshinda Rais Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48 ya wakati huo. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na katika hao walijibu waliopenda kujibu. Bambo lilichomwa juu juu ya gunia.

Ndiyo maana, katika utafiti wa kaya uliofanywa vizuri, mdadisi akikuta mlango umefungwa haruhusiwi kuhamia kwa jirani aliyepo. Anatakiwa kurudi jioni, na kesho yake tena.